Acheni Kupaka Sebule za Mathe Kijivu

Wasee, leo tuongee kuhusu kijivu.

Kila Desemba ni sinema moja. Mtoto anarudi Timboroa kutoka Nairobi, ama Eldoret mjini, ama kama ameomoka, kutoka Qatar. Amebeba unga, amebeba mafuta ya kupika, amebeba blanketi. Siku ya tatu anabeba ndoo ya rangi. Kijivu. Anatoa kalenda kwa ukuta, anatoa picha ya mjomba akiwa kwa joho, anaita fundi, anampa kasisi simu amshikie vizuri, na kabla Krismasi ifike vidio iko hewani: "Nimembadilishia mathe sebule." Kabla, baada. Laiki elfu kadhaa, komenti za machozi, mioyo mia.

Januari tarehe tatu huyo mtoto yuko kwa matatu. Mathe anabaki na kijivu, na Julai inakuja.

Kwa wale hamjui Timboroa: sisi ndio wale mnapita mkienda Eldoret na mnafunga dirisha la gari bila kuambiwa. Stesheni yetu ya reli iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, moja ya zile za juu kabisa katika Jumuiya ya Madola. Kuna asubuhi lori zinapita hapa saa nne na bado zimewasha taa. Ukungu ni kijivu. Mabati ni kijivu. Moshi wa jikoni kwa jirani ni kijivu, lami ni kijivu, mawingu yamekalia msitu ni kijivu. Alafu mtu anatoa pesa yake, ile ametafuta kwa jasho, ananunua kijivu ingine aingize ndani kwa nyumba.

Mnaniambia ni estetiki. Sawa. Estetiki ya nani?

Nimekaa nikafuatilia hizo vidio mnaiga. Nyumba ya Kim Kardashian kule California, ile imeundwa na Axel Vervoordt wa Ubelgiji, kila kitu kweupe-kwekundu hafifu kama maziwa, kuta tupu, hakuna hata kalenda. Inakaa poa, sikatai. Lakini angalia dirisha. Ni kubwa kuliko duka la mtu hapa senta, na nje kuna jua la California linamwagika siku nzima. Ile rangi imepata kazi moja tu, kupokea jua. Sasa wewe chukua hiyo hiyo uilete kwa chumba cha futi kumi kwa kumi, dirisha moja lenye grili, pazia mbili, ukungu nje. Rangi itapokea nini?

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, kwa hivyo niseme polepole. Rangi ya ukuta haina mwanga wake. Inarudisha ule mwanga imepewa. Ukungu na mawingu huleta mwanga wenye umeegemea bluu. Ukiupiga kwa kijivu, hasa zile kijivu za dukani zenye zimechanganywa na bluu kidogo, ukuta unarudisha bluu juu ya bluu, na ngozi ya mtu ameketi hapo inakaa kama amelala mochari. Hio sio matusi, ni vile macho yanafanya kazi. Ukiupiga kwa rangi yenye ndani kuna njano kidogo ama nyekundu kidogo, ile bluu inapunguzwa makali, na chumba kinakaa kama mtu yuko ndani.

Na tuwe wakweli, rangi haiongezi hata digrii moja. Jiko ndilo linapasha nyumba. Lakini kuna tofauti ya kukaa kwa baridi ukijiona uko nyumbani, na kukaa kwa baridi ukijiona uko kwa foleni ya ofisi ya serikali.

Sasa ile siri ya hizo vidio zenu: zote zinachukuliwa Desemba. Desemba hadi Februari huku kwetu ndio kiangazi. Jua linawaka, anga ni safi, mlango uko wazi mchana kutwa, hata kijivu inapendeza. Julai na Agosti ndio mvua na baridi vinakutana, mlango umefungwa, na taa inawashwa saa kumi jioni. Rangi inachaguliwa na mtu wa Desemba kwa mwanga wa Desemba. Anayekaa nayo ni mtu wa Julai. Mi sijaona hata vidio moja ya "miezi saba baadaye". Moja tu. Nitumieni kama iko.

Kitu ingine inaniudhi ni ushauri wa kukopi. Ukitafuta kwa simu rangi ya ndani, kila mtu anakuambia: chumba kinachoangalia kaskazini ni cha baridi, kipake rangi ya joto; kinachoangalia kusini kina jua, paka chochote. Huo ushauri ni wa mtu wa London ama Chicago. Kwao jua halipiti kaskazini. Sisi ikweta inakata barabara hapa karibu na Timboroa, kuna hadi kibao watu wanasimama kupiga picha. Jua letu Machi na Septemba linapita juu ya utosi. Juni limelala kidogo upande wa kaskazini, Desemba kidogo upande wa kusini. Dirisha la kaskazini na la kusini kwetu ni mapacha, kila moja na msimu wake. Chenye kinatofautisha vyumba huku ni mashariki na magharibi.

Chumba cha mashariki kinapata jua la asubuhi, lile la dhahabu, kama ukungu umekubali. Huko unaweza hata kuweka rangi iliyotulia zaidi. Chumba cha magharibi kinangoja jua la alasiri, na msimu wa mvua alasiri ndio mawingu yanafika, kwa hivyo kinangoja bure. Huko ndiko unahitaji joto kwa ukuta. Hakuna mtu wa Pinterest atakuambia hivyo, kwa sababu hajawahi kaa hapa.

Alafu balbu. Jameni, balbu! Mtu anabishana wiki mbili kati ya krimu na beji, alafu anaweka ile balbu ya LED ya bei ya chini, nyeupe kama ya hospitali, na kila kitu alichagua kinaharibika saa moja jioni. Angalia boksi la balbu. Kuna namba na herufi K. Ikisoma 6500K, hiyo ni mwanga wa bluu-bluu, na ndio imejaa madukani. Ikisoma 2700K ama 3000K, hiyo ni ya njano, karibu na mwanga wa moto. Krimu yako chini ya 6500K inaweza kugeuka kijani fulani ya ugonjwa. Beji yenye waridi ndani chini ya 2700K inaweza kuwa kama pichi. Badilisha balbu kwanza uone. Kuna watu hapa walidhani wanahitaji rangi mpya na walihitaji balbu.

Najua komenti inakuja: "Kwa hivyo unataka turudi kwa krimu ya mwenye ploti?"

Hapana. Krimu ya ploti naijua, nimelala ndani yake. Nikiwa chuo Eldoret, kabla niache (niliacha mwaka wa pili, mnajua hiyo stori, tusirudie), nilikuwa kwa bedsita yenye mwenyewe alikuwa anapaka kila mpangaji akitoka, ile krimu ya bei ya chini iliyoongezwa maji hadi ukiegemea ukuta unatoka na unga mgongoni. Hiyo si rangi ya joto, ni rangi ya kufunika alama za mpangaji aliyehama ili mwingine aingie. Wengi wenu mnakimbilia kijivu kwa sababu mnakimbia hiyo krimu. Nawaelewa kabisa. Lakini kati ya krimu ya ploti na kijivu ya TikTok kuna uwanja mkubwa, na nyanya zetu walikuwa wanacheza hapo kabla hadiwea ya kwanza ifunguliwe hapa.

Hapa ndipo nataka mnisikilize.

Iwe unamwita kogo ama shosho, fikiria vile alikuwa anamaliza nyumba ya udongo. Samadi, jivu, udongo umechujwa mawe. Anapaka kwa mkono, safu juu ya safu, inakauka, anapaka tena. Chini karibu na sakafu anaweka mkanda wa rangi nzito, kwa sababu huko ndiko mvua inarusha matope na watoto wanaweka miguu. Juu anaweka udongo mwepesi, kahawia ya chai, ama rangi ya ngano, ama nyekundu iliyofifia. Kukikaribia sherehe anarudia. Hakuwa na kadi ya rangi. Alikuwa anajua udongo wa wapi unatoa gani, na anatembea kuufuata.

Sasa nenda hadiwea uitishe zile rangi wanaita za joto na za kutulia. Beji, mchanga, kahawia nyepesi, taupe kama unapenda kutamka vitu. Uliza ni nini inatiwa ndani kwa mashine ili nyeupe iwe hivyo. Sehemu kubwa ni oksidi ya chuma: ya njano, ya nyekundu, na tone la nyeusi. Oksidi ya chuma ndiyo hiyo hiyo inafanya udongo kuwa mwekundu ama wa njano. Ni kutu, kwa lugha ya kawaida. Kogo alikuwa anachimba kwa mtaro chenye wewe unanunua kwa ndoo ya lita ishirini. Pantone, ile kampuni ya Marekani ya kutangaza rangi ya mwaka, waliichagua Mocha Mousse kuwa rangi ya mwaka wa 2025. Ni kahawia. Ni chai ya maziwa ya mathe, wasee. Dunia nzima ikapiga makofi, na sisi tumetoka kukwangua ile ya kwetu tukisema ni ya kishamba.

Na hilo ndilo linaniuma kuliko kijivu yenyewe. Ile "kabla" kwa vidio. Muziki wa huzuni, kamera inapita polepole kwa ukuta wa kahawia, vitambaa vya mathe kwa viti, kalenda ya kanisa, kama vile tunaonyeshwa janga. Hiyo nyumba ilikulea. Ndani ya hiyo nyumba mtu aliuza viazi hadi ukalipiwa karo. Unaweza kuiboresha bila kuionyesha watu kama aibu uliyookolewa nayo.

Sisemi turudi kwa nyumba za udongo, na yeyote atakayeandika hivyo kwa komenti hajasoma. Simiti ni safi, mbao ni safi, jipsamu ikifika kwenu ni safi. Kupaka kwa mkono ilikuwa kazi ngumu na ilikuwa ya wanawake peke yao, simtamanii mtu. Nasema jicho lile lilikuwa jicho la mtu anayekaa hapa.

Hata watu wa Pwani walifanya hivyo hivyo. Nyumba za mawe za Lamu ni nyeupe ndani, chokaa tupu, na zile zidaka zimechongwa kwa ukuta. Zinapendeza hadi UNESCO wakauweka mji wote kwa urithi wa dunia mwaka wa 2001. Lakini chokaa yao ilitoka kwa matumbawe ya bahari yao, na weupe wao unapigana na joto na kuta nene zenye giza. Walitumia chenye wanacho kwa shida wanayo. Shida yetu ni baridi, na chenye tunacho ni udongo. Kuleta weupe wa Lamu Timboroa ni kama kuvaa kanzu nyepesi Julai huku, utaheshimiwa na utapata nimonia.

Kuna wengine wanajitetea na neno "nyutro". Eti rangi ya nyutro haiudhi mtu, inauza nyumba. Inauzia nani? Hiyo hoja ilizaliwa kwa soko la nyumba la Marekani, ambako mtu anauza nyumba anahama na ukuta lazima umpendeze mnunuzi asiyejulikana. Nyumba ya mathe haiuzwi. Hakuna mnunuzi anakuja. Aliye ndani ndiye mteja, na yuko hapo hapo, muulize. Rangi ya kutulia nayo si rangi isiyo na upande. Kila moja imeegemea mahali: njano, waridi, kijani, ama bluu. Ukitaka kujua imeegemea wapi, weka kadi ya rangi juu ya karatasi nyeupe ya daftari. Itajisema yenyewe.

Basi wale mko serious, na mko na pesa ya mara moja tu, sikizeni.

Usichague kwa skrini. Simu yako inadanganya, kamera yake inadanganya zaidi. Nunua kopo dogo, chukua boksi la katoni, lipake mara mbili, liache likauke. Sasa lizungushe: ukuta wa dirisha, ukuta wa mbele, kona ya nyuma ya televisheni. Liangalie saa moja asubuhi, saa nane mchana, na usiku taa ikiwaka. Kama stima imepotea, liangalie na taa ya sola. Liweke karibu na kiti, kwa sababu viti vya mathe ni maruni na havitabadilishwa. Maruni na kijivu vinapigana, ndio maana watu wakishapaka kijivu wanaanza kuona viti ni vibaya, alafu pazia, alafu zulia, na shida ilikuwa ukuta. Maruni na rangi ya mchanga ni marafiki wa zamani.

Usiende giza sana pia. Kuna kadi zina namba nyuma kuanzia 0 hadi 100, inaonyesha ukuta utarudisha mwanga kiasi gani. Kwa chumba cha dirisha moja dogo, mi singeshuka chini ya 55. Chokoleti inapendeza kwa hoteli yenye taa arobaini.

Pigeni hesabu kabla muende dukani. Chumba cha mita 3 kwa 3, ukuta wa mita 2.5, ni mita za mraba 30. Toa mlango na dirisha, sema 26. Mara mbili, 52. Lita moja ya rangi ya maji inafunika karibu mita 10 kwa mkono mmoja kama ukuta ni laini. Kwa hivyo lita 6 zinatosha na unabaki na kidogo cha kurekebisha. Nani alikuuzia ndoo mbili?

Kama fundi anachanganya kwa macho, tone la njano, tone la nyekundu, usimdharau, kuna wenye jicho kali kuliko mashine. Lakini achanganye yote siku moja, kwa ndoo moja. Ikiisha katikati ya ukuta, hataipata tena hata afanye maombi.

Na ukuta wa simiti mpya uache ukauke, karibu wiki nne, na kwa baridi yetu ongeza. Ukipaka juu ya unyevu itavimba itoke kama ngozi ya nyoka, na utalaumu rangi.

Kuhusu ule mkanda wa chini, ile rangi ya mafuta ya kahawia mnacheka eti inakaa ya shule: mi naitetea. Matope ya huku mnayajua. Inapanguswa na kitambaa, na iko pale kogo alikuwa ameiweka. Ifanye tu iwe ya familia moja na ya juu, nzito zaidi, na isipite goti sana.

Kijivu pekee naikubali Timboroa ni ile ya mursik, na hiyo unakunywa.

Mko na sebule nyumbani zenye hazijaguswa na kijivu? Nitumieni picha. Za mbao na za udongo pia, na zipigwe saa hii mvua inanyesha, msingoje Desemba. Jumapili naziweka zote hapa, na mathe wako akikubali, aseme mwenyewe ni rangi gani anataka.